Barua ya Mjane wa Anania

Kwa miaka miwili Ikupa alikuwa akiwatafuta wavuvi kumi na mmoja. Alikuwa mwalimu wa historia katika sekondari moja ya Mbeya, na kila likizo aliteremka Kyela na Matema akiwa na daftari na simu ya kurekodia, akiulizia vijana wa Ziwa Nyasa waliochukuliwa na Waingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Hawakupewa bunduki. Walipelekwa Mombasa na kupandishwa kwenye meli za uvuvi ambazo jeshi la majini lilikuwa limezigeuza za kivita, na kazi yao ikawa kukokota waya mrefu nyuma ya meli ili kunasa mabomu yaliyotegwa baharini. Walichaguliwa kwa sababu mikono yao ilishazoea kuvuta nyavu za kokoro.

Mmoja wao alikuwa babu yake, Andendekisye. Alirudi mzima mwaka 1943, lakini hakuvua tena. Alihamia Uyole kulima viazi, na hadi anakufa hakukanyaga tena mchanga wa ziwa. Watu walisema vita vilimtia hofu ya maji.

Katika safari zote hizo Ikupa alisindikizwa na baba yake, Mzee Gwakisa, mwenye miaka sabini na saba. Ikupa alikulia mjini, Mwanjelwa, na Kinyakyusa cha ndani cha wazee wa ziwani kilimshinda. Baba alikaa katikati, akasikiliza, akatafsiri. Jioni walikula samaki pamoja na kujadili walichosikia. Ikupa aliwahi kumwambia rafiki yake Esta, mwalimu mwenzake, kwamba hajawahi kuwa karibu na baba yake kiasi hicho.

Katika wale kumi na mmoja, jina moja watu walilitaja kwa sauti ya chini: Anania. Ilisemekana alitoroka jeshini, akaoa mwanamke wa Mombasa, akamsahau mke wake Alinanuswe pamoja na mtoto mchanga. Habari hiyo aliileta Andendekisye mwenyewe, aliyekuwa rafiki yake na jirani yake. Ndugu za Anania waliona aibu, wakamchukua mtoto wakahama naye. Mwaka uliofuata Andendekisye akamwoa Alinanuswe, na wakamzaa Gwakisa.

Alinanuswe ndiye bibi aliyemlea Ikupa. Kanisani, siku ikisomwa habari ya Anania na Safira, wale wa Biblia, bibi huyo aliinuka taratibu akatoka nje, na kurudi somo likiisha. Hakuna aliyemuuliza.

Mwezi wa tano Ikupa alipata barua pepe aliyoingoja tangu Januari, kutoka kwa watunza kumbukumbu wa Uingereza. Ilikuwa picha ya ukurasa mmoja wenye orodha ya mabaharia wa meli moja iliyogonga bomu Machi 1943 na kuzama. Jina la Anania lilikuwa la sita, na mbele yake iliandikwa kwamba alikufa na meli. Jina la Andendekisye lilikuwa chini, na maelezo kwamba siku hiyo alikuwa hospitali, mgonjwa wa malaria.

Ikupa hakusubiri hata kengele ya mwisho. Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa baba yake, akamkuta barazani akichambua maharage kwenye ungo.

"Baba, Anania hakutoroka," alisema kabla hajakaa, akimnyooshea nakala ya ule ukurasa. "Alikufa. Meli yao iliripuka. Bibi alikuwa mjane, hakuachwa."

Alingoja baba ashangae. Mzee Gwakisa alitupa kijiwe nje ya baraza, akaendelea kuchambua.

"Hiyo karatasi ameiona nani mwingine?" aliuliza.

Ikupa akakaa kwenye ngazi.

"Ulikuwa unajua."

"Weka mkoba chini, mwanangu."

"Baba, ulikuwa unajua?"

Mzee aliingia ndani. Alirudi na mfuko wa nailoni anaowekea hati ya kiwanja na vyeti, akatoa bahasha ya rangi ya chai iliyochakaa kwenye mikunjo. Alisema alipewa na Andendekisye mwaka 1979, wiki moja kabla mzee huyo hajafa. Ofisa wa meli aliyenusurika alikuwa amemkabidhi Andendekisye barua ya kumpa mjane wa Anania, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akirudishwa nyumbani. Hakuifikisha. Alipofika alisema uongo, kwa kuwa alimtaka yule mwanamke tangu zamani, na alijua mjane angerithiwa na ndugu za marehemu, lakini mke aliyetupwa angeweza kuolewa naye.

"Bibi alifariki tisini na sita," Ikupa alisema.

"Ndiyo."

"Miaka kumi na saba ulikaa na barua yake."

"Ningemwambia nini? Kwamba mume tuliyemzika alimwibia maisha? Na mimi ningekuwa mtoto wa nini? Kila mwaka nilisema mwaka ujao. Ndaga, pole, mwanangu. Nisamehe."

Ikupa aliichukua bahasha, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake, saa ya chai, aliketi na Esta katika maktaba ya shule. Esta alizaliwa Matema, na Kinyakyusa cha wazee alikielewa. Ikupa alimwekea rekodi ya Mzee Anyelwisye, mvuvi aliyekuwa na miaka tisini na nane walipomhoji, na ambaye alikuwa ameshafariki. Katika daftari, kwenye swali kuhusu Anania, Ikupa alikuwa ameandika kama baba alivyomtafsiria: hakumbuki.

Esta alisikiliza, akarudisha nyuma, akasikiliza tena.

"Hasemi hakumbuki," alisema. "Anasema, Anania hakukimbia, sisi wa meli nyingine tuliona moshi, ila tuliporudi mke ameshaolewa, tukanyamaza. Halafu anasema, kwa nini unaniuliza mimi na mwenye habari umekuja naye?"

Ikupa alizima simu. Ya babu alikuwa ameanza kuyachukua kama mambo ya marehemu. Uongo huu wa baba ulikuwa wa mwaka jana. Alikumbuka baba akimgeukia na uso mpole na kusema, mzee amechoka, tumwache. Alikumbuka alivyomshukuru.

Bahasha ile bado ilikuwa na mwenyewe, yule mtoto wa Anania. Baba alikuwa amemwambia ukoo wa Anania uliisha. Sasa alipopigiwa simu alikiri kwamba mtoto alipelekwa Iringa na baba yake mdogo, fundi seremala wa misheni. Ikupa aliandika kwa parokia tatu. Katika kitabu cha ubatizo cha mojawapo wakakuta Apolonia, binti wa Anania, amebatizwa 1948. Alikuwa hai.

Alimkuta kwenye nyumba ya matofali nje ya mji wa Iringa, mama wa miaka themanini na tatu, mwembamba, akimenya viazi pamoja na mjukuu wake Jackline.

"Kamwene," alimsalimu mama huyo kwa Kihehe, akampa kigoda.

Ikupa aliamkia, akajitambulisha, akaeleza yote bila kumficha babu wala baba. Kisha akasoma barua. Ofisa aliiandikisha kwa Kiswahili, mistari michache tu: mume wako alikuwa akivuta waya, alikuwa mtu wa kazi na wenzake walimpenda, mara nyingi alisema ana binti ambaye hajamwona akitembea.

Apolonia aliweka kisu chini.

"Baba mdogo alikuwa akinipiga nikilitaja jina lake," alisema. "Niliolewa na mtu niliyepewa, kwa sababu binti wa mtoro hachagui." Akamtazama Ikupa. "Mama yangu alikuwa akinitaja?"

Ikupa alitamani kuongopa. Aliona jinsi ilivyo rahisi, na jinsi ilivyokuwa rahisi kwa baba yake pia.

"Sikuwahi kumsikia, shangazi. Kwetu jina lako halikutamkwa."

Mama akaitikia kwa kichwa. Alimwomba Jackline ainakili barua kwa maandishi makubwa, ili aisome mwenyewe.

Mwezi wa nane Ikupa alimleta Uyole kuona kaburi la Alinanuswe. Walipita Igawa wakanunua vitunguu, wakaongea habari za mvua. Mzee Gwakisa alikuwa ameshafika makaburini, amevaa koti la kanisani. Apolonia alimpa mkono, akamwita mdogo wangu, kisha akamwambia asimame mbali kidogo, anataka kukaa na mama yake peke yake. Mzee akasogea hadi barabarani.

Kitabu cha wavuvi kilichapishwa mwaka uliofuata, na barua imo, pamoja na jina la aliyeificha kwanza na la aliyeificha baadaye. Ndugu za baba yake walimlaumu Ikupa kwa kuuvua ukoo nguo. Bado anampelekea baba yake unga na dawa kila Jumamosi. Humsalimu, huviweka mezani, na mzee akianza kumsimulia jambo la zamani, Ikupa husema ana haraka.