Kibuyu Kilichooshwa

Eunike alitikisa kibuyu mpaka mkono ukafa ganzi. Ndani alikuwa ametia siki, magadi, konzi ya mchele na maji ya moto, kama alivyoelekezwa kwenye simu, na kila alipomimina, maji yalitoka meusi tii. Akaongeza mchele. Akatikisa tena. Mara ya tano maji yakatoka safi, naye akafurahi peke yake pale uani.

Maujanja ya nyumbani ndiyo yaliyokuwa starehe yake. Tairi kuukuu la pikipiki alilizungushia kamba ya katani likawa kigoda. Viroba vya unga alivishona vikawa pazia la chumba chao cha kupanga hapa Karatu. Si yote yaliyofaulu. Mishumaa yake ya mafuta ya kupikia ilinuka chapati wiki nzima, na Nafisa wa dukani anamtania mpaka leo. Lakini safari hii hakuwa akicheza.

Nailantei, mama mkwe wake, aliletwa kutoka Endulen baada ya ukame kumaliza ng'ombe, na mwili wake ukaanza kuisha vilevile. Alikuja na vitu viwili: kibuyu chake cha maziwa na fimbo ya kutembelea. Kila asubuhi aliishika ile fimbo kitandani, akasema mvua zikirudi na yeye atarudi, na gari likikosekana atakwenda kwa miguu. Hakuna aliyembishia. Ugali haukupita kooni, wala uji. Kilichopita ni maziwa tu, tena ya kibuyuni, na daktari alisema wazi kwamba akiacha na hayo hatamaliza wiki.

Ndipo Eunike akachungulia ndani ya kibuyu, akaona weusi umeganda, akaogopa. Alikuwa Mmaasai, ndiyo, lakini alipelekwa bweni akiwa na miaka sita, na bwenini cheusi ni uchafu, na uchafu ni viboko.

Kibuyu kilipokwisha kuoshwa alitia maziwa, akamnyanyua bibi kichwa. Nailantei akapiga funda moja, akalishikilia mdomoni kwa muda mrefu, kisha akalitema taratibu kwenye shuka lake.

"Umekifanya nini?"

"Nimekiosha, Yeyo," alisema Eunike, akimwita mama kwa Kimaasai. "Kilikuwa na masizi."

Bibi hakugomba. Angegomba ingekuwa afadhali. Alisema tu kwamba yale masizi aliyaweka mama yake, kisha yeye mwenyewe, kila asubuhi, kwa kijinga cha oloirien, mti wenye moshi mtamu, na kwamba maziwa yasiyopita kwenye moshi ule ni maji ya ng'ombe. Kisha akageukia ukutani.

Siku hiyo hakunywa tena. Kesho yake, Jumanne, Eunike alitia kibuyuni mkaa wa dukani. Kikanuka jiko, na bibi akanusa tu. Nafisa alishauri wajaribu kikombe, wajaribu kijiko, na vyote vilirudi vimejaa. Wauza kuni wa sokoni walikuwa na mkaratusi mtupu. Oloirien uko juu msituni, hifadhini, na huko hukati mti. Lembris, mume wa Eunike, aliwapigia ndugu zake wa Endulen, wakaahidi kutuma kuni kwa gari la Jumamosi. Simu ya Eunike, iliyojua kuondoa kila doa la dunia hii, haikujua kurudisha hata moja.

Jumatano jioni midomo ya bibi ilikuwa imepasuka. Eunike alipiga magoti kando ya kitanda. Hakuwa na ujanja mwingine, na aliona aibu kuliko alivyowahi kuona maishani.

"Nimekuua, Yeyo. Nimekuua kwa usafi."

Nailantei alifumbua macho. Akapapasa kichwani pa kitanda, akaivuta fimbo yake.

"Kata hii. Ni oloirien."

"Utatembelea nini ukirudi nyumbani?"

Bibi alimtazama kwa huruma, utadhani mgonjwa ni Eunike. "Kata, mwanangu. Anzia chini."

Eunike alikata shubiri moja kwa msumeno aliozoea kutengenezea vigoda vyake, akaichoma ncha mpaka ikawa kaa jekundu. Nailantei alimwelekeza kwa maneno machache: ingiza, sugua kuta, tikisa, funika, subiri. Moshi ukajaa chumbani, ukashika mpaka pazia la viroba. Eunike aliijua harufu ile. Ilikuwa ya nyumba ya mama yake, kabla ya bweni, na alilia huku akitikisa.

Bibi akanywa. Mafunda manne, akapumzika, kisha mawili.

Kibuyu hutiwa moshi kila asubuhi. Alhamisi Eunike alikata shubiri nyingine, na Ijumaa nyingine. Usiku huo mvua zikaanza kunyesha milimani, zile zile zilizokuwa zikingojwa, zikakata barabara, na gari la Jumamosi halikuja. Eunike akachukua msumeno.

Jumapili alfajiri alimkuta bibi ameamka, anasikiliza mvua juu ya bati. Nailantei alinyoosha mkono kuishika fimbo yake, iliyoegemezwa kichwani pa kitanda, pale pale ncha yake ilipokuwa ikifika siku zote. Vidole vikafumba hewa. Vikashuka kidogo, vikapapasa, vikashuka tena.