Nchi Iliyohamia Stoo kwa Bi Masouda

Jumamosi moja ya Januari 1992, Kheiria aliingia stoo kuchukua vitunguu, akamkuta askari wa mpaka wa Kisovieti ameketi juu ya gunia la mchele. Nchi yake ilikuwa imevunjwa mwezi uliopita. Kilichobaki kilihitaji pa kukaa, na stoo ile ya Azaiba, mtaa wa Muscat, ilikuwa na nafasi.

"Mgeni siku mbili," alisema mama yake Kheiria, Bi Masouda, akimmiminia askari kahawa. "Ya tatu mpe jembe."

Askari hakujua kwamba Muscat mtu akitosheka hutikisa kikombe. Alikunywa vikombe arubaini, na Bi Masouda, kwa adabu, akamimina vyote.

Siku ya tatu Kheiria alimpa jembe lake: shahada yake mwenyewe ya udaktari, aithibitishe. Mapinduzi ya Unguja yaliwatenganisha wana wa nyumba ile. Kheiria, aliyebaki Unguja, alipelekwa kusoma Moscow; kaka yake Aziz, aliyekimbilia Muscat, akapelekwa Texas. Sasa wote walikuwa Muscat: Aziz alikuwa mkurugenzi, na Kheiria aliuza panadoli dukani, kwa sababu shahada ya wakomunisti ilitakiwa kuthibitishwa kwao. Jambo hilo lilimchoma kila asubuhi.

Askari akagonga muhuri.

"Muhuri sahihi, daktari," alisema Muhanna, karani wa vyeti. "Lakini nchi haipo."

"Ipo stoo kwetu."

"Basi ilete na ubalozi wake."

Kheiria akaanza kutibu humohumo stoo, ambamo shahada yake ilikuwa halali. Akivuka kizingiti kuingia jikoni, alikuwa muuza panadoli. Wanawake wa Azaiba walikuja na vicheko na sahani za halwa, wakagongewa viza viganjani, juu ya hina. Aziz tu ndiye aliyenyimwa viza, kwa ajili ya Texas.

"Mama, nna njaa, nipitishie vitunguu dirishani!" Aziz aliita kutoka nje.

"Ngoja, mwanangu. Nchi za watu hizi."

Mwezi wa Mei Muhanna mwenyewe alifika mbio na mkewe, ambaye uchungu ulikuwa umemshika na hakutaka daktari mwengine. Mtoto wa kike akazaliwa baina ya mchele na samli. Kheiria alifurahi mpaka akalia. Muhanna naye alilia, akambusu askari, akampa mtoto jina la Kheiria.

Jumamosi, mwanzo wa wiki ya kazi, alifungua ofisi, akalirudisha faili la daktari: nchi haipo. Kisha akachukua karatasi za kuzaliwa za binti yake, zenye muhuri wa askari, akazisoma mara mbili, akaandika vilevile.