Ndama wa Banda Safi

Wale bakteria niliwatengeneza mwenyewe, na msinitolee macho, nia yangu ilikuwa njema. Ni wale wanaoleta homa ya mapafu kwa ng'ombe. Tuliwanyofoa jeni inayowafanya waue, tukawapachika nyingine inayowafanya wang'ae kijani wakimulikwa kwa taa ya buluu. Ndama anapuliziwa puani, mwili wake unajifunza kupigana, kisha wadudu wanatoweka wenyewe. Ndivyo ilivyopaswa kuwa.

Hawakutoweka. Kila asubuhi nilifunga madirisha ya banda, nikawamulika ndama kooni, na kila asubuhi kijani kilikuwa palepale. Hawakukohoa wala kulia. Nikiingia tu, wote waliacha kutafuna, wakanigeukia, wakafungua midomo kabla sijawagusa. Nikajiambia ni mazoea tu, na mnyama naye hujua ratiba.

Wafanyakazi nao niliwamulika, mmoja mmoja, wakinung'unika kama watoto wanaonyweshwa dawa ya minyoo. Wote walikuwa safi. Aliyenikwepa ni mmoja, mlishaji wetu, ambaye kwa bahati yangu mbaya ni mume wangu. Taa ikiwaka, yeye anakumbuka ndoo.

"Mke wangu, nyumbani unanikagua, kazini unanikagua. Nipumzike wapi?"

Basi leo nikaenda banda safi, ng'ambo ya uwanja, anakokaa ndama ambaye hatujampulizia kitu. Nilimmulika kwa kutimiza wajibu tu. Koo lilikuwa kijani mpaka kwenye ulimi.

Nilishikwa na hasira kabla ya hofu, ndivyo nilivyo. Nilimkuta mume wangu kule banda la ndama waliopuliziwa, kaacha kupakia majani, shavu lake limeegemea shingo ya ndama, anamwimbia.

"Wewe! Umeingia banda safi?"

"Sijakanyaga! Majani naacha mlangoni, kama ulivyoagiza."

"Mwongo mkubwa! Unalala na hawa ndama shavu kwa shavu, halafu unakwenda kumbusu mtoto!"

Hapo hofu ikanifika. Mwanetu alikuwa bado ananyonya, hata meno hajaota. Ndama tulijua wadudu wale wanawafanya nini. Kifua cha mtoto mchanga, hakuna aliyejua.

Nilimkokota mume wangu hadi kwetu, nyuma ya uzio. Mama mkwe alikuwa kajilaza mkekani na mjukuu wake kifuani.

"Shikamoo, mama. Naomba tufunge mapazia."

"Marahaba. Mchana huu? Kuna nini tena?"

Nilimmulika mtoto akiwa usingizini, kidevu chake kwenye kidole changu. Safi. Nilishukuru kwa sauti.

"Haya, na wewe. Fungua."

Mume wangu alifungua mdomo mpana kwa makusudi, akatoa na ulimi. Nilichungulia mpaka nikahesabu meno yaliyooza. Palikuwa giza tupu, hakuna hata chembe ya kijani. Mama mkwe naye alikuwa safi, ingawa alisema hajawahi kudharauliwa hivyo tangu azaliwe.

Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, nikamwomba mume wangu radhi mbele ya mama yake, jambo ambalo sijawahi kulifanya.

"Sasa nani kaingia kwa yule ndama?" akauliza.

"Hakuna. Naingia mimi tu, kumpima."

Mume wangu akaichukua taa mkononi mwangu taratibu.

"Na wewe, nani anakumulika?"

"Mimi navaa barakoa, baba. Usiniletee mchezo."

"Fungua, mke wangu."

Nilifungua. Mwanga wa buluu ulinipiga machoni, sikuona kitu. Nilimsikia tu mama mkwe akisema, "Yallah!" Taa iliposhuka nikaiona sura ya mume wangu, na utani wote ulikuwa umemtoka.

Mtoto akaamka, akaanza kulia anataka ziwa. Maziwa yalinijaa papo hapo, nikanyoosha mikono. Mume wangu alimnyakua kifuani mwa bibi yake, akarudi naye nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.