Mechi Kumi na Moja za Vuai

Mume wangu alirudi Johannesburg kutoka uhamishoni na vitu viwili: mimi, mwalimu wa Morogoro, na mapenzi ya besiboli aliyoambukizwa na Wakuba kambini. Klabu yake ilipokosa karani wa matokeo, mwaka 1997, akanisukumia mimi kazi hiyo. Nina mwandiko mzuri na napenda kuheshimiwa, basi nikakubali. Haikupita miezi mitatu nikawa naujua mchezo kuliko wachezaji wenyewe.

Tulikuwa na Vuai, Mzanzibari mwenye duka mtaa wa Mayfair. Jumamosi alibanwa dukani hadi saa nane, kwa hiyo alifika uwanjani mechi imeshachacha. Amosi, aliyeanza kurusha mpira, mkono umemchoka, na wapinzani wanakaribia kutupita. Vuai anaingia badala yake, anarusha mipira isiyopigika, tunashinda.

Lakini fomu ya ligi ilikuwa ya kizamani, kama zile za Wamarekani walipoanza kucheza kwa malipo: safu ya ushindi na safu ya kushindwa, basi. Aliyeingia mwishoni kuokoa mechi hakuwa na safu yake. Ushindi uliandikiwa mrushaji mmoja tu, na karani ndiye aliyeamua ni nani.

Nikampa Amosi, mwenyeji. Kila mara. Sababu naijua na inanitia aibu hadi leo: kikaoni mtu alinong'ona kwamba sisi wa Kiswahili tunabebana. Nikaogopa. Nikamdhulumu Vuai ili nionekane mtu wa haki. Na mara mbili alipozidiwa, nilimwandikia kushindwa bila kusita.

"Bi Melania," aliniomba siku moja, "hata pembeni tu, niandikie kuwa niliingia."

"Fomu haina nafasi," nikamjibu. Nafasi ilikuwepo.

Mwisho wa msimu timu ya jimbo ilitafuta mrushaji mmoja. Atakayechaguliwa angepata kazi ya kufundisha mchezo shuleni, na kibali cha kuishi nchini. Vuai alikitaka kibali hicho ili mkewe, Tabia, amfuate kutoka Unguja. Wateuzi hawakukanyaga uwanjani. Walisoma fomu zangu. Vuai: ushindi sifuri, kushindwa mara mbili. Wakamchukua Amosi, mzaliwa wa hapa hapa, ambaye kibali hakikumhusu. Tabia alisubiri miaka miwili, kisha akadai talaka yake.

Mwaka jana, 2006, nilikuwa mjane, na dhamiri ilikuwa inanisumbua nyumbani kwangu, mtaa wa Observatory. Nikatoa daftari langu la rafu, nilimokuwa naandika kila mpira. Nikahesabu upya: Vuai alituokolea mechi kumi na moja. Nikaziandika kwenye karatasi safi, na tarehe zake, nikampelekea dukani Mayfair baada ya sala ya Ijumaa. Nilidhani nampelekea zawadi.

Alisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Uso ulimchangamka, kisha ukabadilika.

"Hizi umezitoa wapi?"

"Kwenye daftari langu. Niliziandika siku zile zile."

"Kwa hivyo ulikuwa ukijua?"

Nikasema ndiyo.

"Eish, Bi Melania." Aliikunja karatasi mara mbili. "Miaka yote hii watu wakikusema, miye nakutetea. Nawaambia, mwacheni, maskini, mama wa watu mchezo wenyewe haujui."

Akanirudishia karatasi, akamgeukia mteja aliyekuwa nyuma yangu.