Mkungu Mlangoni kwa Mama Sindano

"Popo unawaona wewe tu! Mti ni kivuli, mengine ni madoido!" Spika alifoka, mate yakimruka.

Mama Sindano alijipangusa shavu kwa ncha ya mtandio. Huyu jirani wa ng'ambo ya barabara aliitwa Spika kwa kuwa sauti ndogo hakuzaliwa nayo. Shimo lilikuwa limeshachimbwa mbele ya baraza ya Mama Sindano, kando yake miche miwili kwenye viriba vya plastiki: mkungu aliouchagua Spika, na mwarobaini aliouchagua Mama Sindano. Waafikiane wao wawili upi upandwe, mtaa ulisema. Uchafu wa mkungu ungeangukia kwa Mama Sindano. Kivuli, kila jua likishuka nyuma ya nyumba yake, kingevuka kwenda kwa Spika.

"Mimi nashona magauni ya maharusi, bwana. Nayatundika hapa barazani. Popo wakija kutafuna kungu na kutema, nani atanipa kazi tena?"

"Si uyatundike ndani!"

"Twende mtaa wa nyuma ukajionee."

Wakaenda, mke wa Spika akiwafuata na ndala zake, asije akapitwa na ugomvi. Chini ya mkungu wa huko uvundo uliwapokea kabla ya kivuli. Ukuta umechirizika mavi ya popo, chini makapi yaliyotafunwa yanachezacheza kwa funza. Spika akaegemea ukuta. Mkono ukanata. Akautazama, akaunusa (akaunusa!), akaufutia kwenye suruali.

"Kidogo tu hiki. Unapaka rangi, basi."

Mama Sindano akarudi nyuma hatua moja, mtandio puani.

Ndipo ndala ya mkewe ikateleza. Mguu ukazama kwenye rojo, likapenya katikati ya vidole.

"Uuuwi! Mama yangu! Ndiyo unataka kutuletea haya?"

"Mke wangu, yataangukia upande wa—"

"Barabara nyembamba vile, popo watajua mpaka uko wapi? Mwarobaini! Nimemaliza."

Alasiri hiyo hiyo mwarobaini ukaingia shimoni. Spika alishindilia udongo kimya, kioja ambacho mtaa haukuwahi kukiona. Mkewe, miguu ameisugua mpaka inang'aa, akasimama mlangoni kwake.

"Shoga, chakula tayari. Njoo tule."

Mama Sindano akautupia jicho ule mkono wa Spika, akarudisha mguu nyuma.

"Usihofu," mke wa Spika akasema. "Huyu sahani yake nimemwekea nje. Wewe ingia."