Joto Halina Kibali cha Kutoka

Usiku wa jana niliota nimesimama kwenye geti la kiwanda chetu cha chupa, Kibwana mlinzi ananipekua mpaka kwenye soksi. Ndivyo tunavyofanyiwa kila siku sisi wanawake wa kufungasha. Mali ya kampuni haitoki bila kibali.

Juu yetu Joto la tanuri linatoka zake kwenye dohani. Limevaa suti iliyoungua viwikoni, limeshika bahasha. Halijapekuliwa.

"Na huyo je?" nikauliza kwa ukali.

"Wa juu si wangu," Kibwana akasema, akichungulia kiatu changu. "Mimi wa geti."

"Dada, natoka kwa aibu tu," Joto likasema. "Miaka kumi na mbili naomba kazi ya kupoza chumba chenu. Hakuna anayenisikiliza."

"Wewe joto, upoze?"

"Bibi yako wa Pangani hakuwa na friji ya mafuta ya taa? Moto chini, barafu juu. Waniunganishe na mtambo wa kupozea wa namna hiyo, basi."

Lahaula! Barafu za ukwaju nilizokula kwa Bibi! Nikapandwa na hasira. Juzi tu Zamda, mpangaji mwenzangu, mwenye mimba ya miezi saba, alianguka chumba cha kufungashia, kilichopakana na tanuri. Meneja akasema kiyoyozi kitakula umeme, tuvumilie. Alisema hayo amevaa sweta. Tanga, mwezi wa pili, mtu mzima na sweta!

Nikalishika Joto mkono. Geti likawa mlango wa Meneja, umebandikwa tangazo: FUNGA MLANGO, JOTO LISIINGIE.

Joto likasoma, likarudi nyuma hatua mbili. "Si nilikwambia?"

"Mlango!" kiyoyozi kikafoka ukutani. "Na huyo hana miadi."

"Nyamaza, mla umeme we!" Nikalibandua tangazo, nikalichana. "Bosi, ama umpekue huyu kama unavyotupekua sisi, ama umpe kazi."

Meneja anafikiri. Anavuta mikono ya sweta.

"Kumpekua haiwezekani," anasema. "Anaunguza."

Basi Joto likaajiriwa. Likavua koti, likaingia mtamboni. Mara tuko chumba cha kufungashia, kuta zinatoka jasho la baridi. Zamda amekumbatia tumbo, meno yanagongana.

"Dada, nisitiri na kanga yako. Mtoto anasikia baridi."

Nikamfunika.

Nikaamka nimelowa jasho. Kanga niliyojifunga wakati wa kulala siioni. Nikaitafuta mpaka uvunguni. Zamda akabisha hodi, kashavaa sare ya zamu ya asubuhi, kanga yangu mkononi.

"Dada, nimeamka nimejifunika hii. Sijui imefikaje kwangu."

Nikaipokea. Ilikuwa baridi, kama imetolewa sasa hivi kwenye friji ya Bibi.

Nikamrudishia. "Jifunge tumboni upesi, mdogo wangu, kabla haijapata moto. Leo tunapitia kwa Meneja kwanza. Na mlango nitauacha wazi."