Maneno Ambayo Kondo Aliiambia Mimea

Mwasiti hajui usingizi umeingilia wapi. Ameketi sebuleni alasiri, arobaini ya mumewe Kondo imepita juzi, na amekwisha mwambia bintiye Chausiku aje aitoe mimea yote ya marehemu, kwa sababu hakuipenda tangu zamani na sasa anaona inamtazama. Anafumba macho, anafumbua, na ukumbi wa nyumba yake umekuwa barabara, barabara inazaa barabara, hadi kwenye mji wa vioo ambao kila nyumba ni chungu cha maua, na kila apitapo kioo anajiona yuko hatua moja nyuma yake mwenyewe. Mbele anatembea mtu wa kanzu asiye na uso. Ndugu yangu, njia hii yaenda wapi? Yule anasema, anayekaa nawe miaka yote asionje chakula chako ni nani? Mgonjwa, anajibu Mwasiti. Yule anacheka, sijui kwa mdomo gani, anasema, waulize wenyewe.

Wa kwanza ni mshubiri, amejitanua mlangoni kama daktari mkuu, na Mwasiti, na miaka yake sitini, anajikuta anampa shikamoo. Marahaba, umeungua wapi? Sijaungua. Basi pisha wengine. Pembeni dungusi kakati amejaa miiba, anafoka, usinisogelee! Mwasiti anarudi nyuma, na dungusi anasema kwa sauti ndogo, lakini si lazima uende mbali hivyo. Juu ya mlango mmea mtambazi amening'inia, masikio yote nje. Shoga, mie sisemi ya watu, ila keti nikwambie. Zile wiki tatu ulizomnunia mumeo kwa sababu ya cherehani yako aliyompa mpwa wake bila kukuuliza, alikuwa anakuja kwetu kila asubuhi kufanya mazoezi. Mazoezi ya nini? Ya kukuomba radhi. Mshubiri anakohoa, nilimwona anaanza na visingizio, nikajua hajapona. Kwangu alilia, anasema dungusi, akaniwekea kiganja, nikamchoma bila kukusudia, wala hakukiondoa. Mtambazi anashuka hadi sikioni. Siku ya mwisho aliyapata maneno. Alisema, Mwasiti, nilichukua kilicho chako kama kwamba huna mkono wa kutoa, nisamehe. Akasema nitamwambia baada ya chai. Chai hakuifikia, moyo ulisimama.

Mbona hamkuniambia? Tungekwambiaje, dada? Ulikuwa ukija huku unakuja na ufagio.

Mwasiti anaketi chini, analia hadi vioo vinaingia ukungu. Nimemsamehe, anasema, lakini mimi nilimnyima hata salamu, nani atapokea radhi yangu? Dungusi anasema, tuambie sisi kwanza. Ukikosea hatucheki.

Barabara inajikunja kama mkeka. Chausiku amesimama na gunia. Mama, nianze na upi? Weka gunia chini, mwanangu. Mwasiti anatazama dirisha, anatazama kuta, hana hakika kama hii ndiyo sebule au ni kioo chake. Anavuta kigoda, anaketi mbele ya vyungu. Kondo, anaanza, mume wangu. Mama, unaongea na nani? Mwasiti anamwinulia kidole anyamaze kidogo, maana anahisi mshubiri ana jambo anataka kusema.